Kofia Yangu Mtoni Kazinga

Ningeficha nililolifanya wiki iliyopita, ila mji mzima wa Kasese, huku magharibi mwa Uganda, umeshacheka, nanyi wasomaji hamna sababu ya kukosa. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa kijiji cha Kisinga kurudi kutoka Nairobi na diploma, na nilijisomesha mwenyewe kwa kupiga pasi nguo za watu. Nafasi ya kuongoza wageni katika mbuga ya taifa ilipotangazwa, niliiona yangu. Mkuu wa askari wa mbuga, tunayemwita Afande, alitaka kunijaribu kwanza: niwaeleze wageni habari za mto Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward.

Lo, mto ulivyopendeza asubuhi ile tuliposimama ukingoni! Viboko, tembo, ndege wasiohesabika! Nikapaza sauti: "Maji haya yanakwenda mashariki, Ziwa George, mpaka baharini Mombasa!"

Mgeni mmoja akauliza mbona yanaonekana yamesimama. Nikavua kofia yangu mpya, nikaitupa majini. Ikaelekea mashariki! Wageni wakapiga makofi, nami nikainama kama waziri.

Mvuvi Hamisi, aliyekuwa ametega wavu karibu nasi, akaangua kicheko.

"Bwana Diploma, kofia inafuata upepo! Angalia nyavu yangu, iko na mawe chini. Maji inaivuta huku, Ziwa Edward. Inaenda mto Semliki, inaenda Nile. Mwisho yake nilikunywa mimi kule Misri, nikiwa askari wakati wa vita ya dunia!"

Tukatazama. Wavu ulikuwa umevimba kuelekea magharibi.

Afande akamgeukia Hamisi. "Wewe, unaweza kuanza kazi kesho?"