Kilo Arobaini na Tano

Madereva wenzake walimwita Mama Kilo, na si kwa mapenzi. Ukimwita aje kumchukua farasi wako, anakuja na tepu ya fundi cherehani shingoni, daftari mfukoni na uso wa mama mkwe aliyeletewa chai baridi. Anampima farasi kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, anampima urefu, anazidisha, anagawanya, halafu anakutajia kilo zake. Ukibisha, anapanda pikapu yake na kuondoka na trela tupu. Wengi walimcheka. Lakini wenye farasi wa maana walikuwa radhi kumsubiri hata wiki mbili, maana trela yake haikuwahi hata kukwaruzwa.

Waliomjua zamani hawakucheka. Kabla ya kuwa dereva alikuwa karani wa mizani, kwenye kituo kilicho kati ya mteremko mdogo na mteremko mkubwa, pale kila gari lenye mzigo hulazimika kupimwa. Miaka kumi na miwili iliyopita mdogo wake, kitindamimba wao, alifika pale akivuta trela yenye farasi watatu mahali pa wawili. Alitoa kichwa dirishani, akacheka, akamwambia dada yake kwamba ana haraka. Dada akampungia mkono apite. Hakumpima, wala hakumwandika. Kwenye kona ya tatu ya mteremko mkubwa trela ilianza kuyumba, ikalibeba gari, vyote vikaishia bondeni. Alizikwa siku ya pili yake. Mwezi uliofuata dada mtu aliacha kazi, akanunua trela, akaanza kufanya kazi ya marehemu. Watu walisema msiba umempanda kichwani. Yeye alijua tu kwamba hawezi kukaa tena kwenye kiti kile.

Sasa siku moja msimamizi wa mabanda ya farasi alimtaka ashushe farasi wawili kwa mnunuzi aliyeko chini ya mteremko mkubwa, dume na jike, wafike kabla ya saa kumi. Mama Kilo alitoa tepu yake. Bamba la chuma lililopigiliwa ubavuni mwa trela lilisema mwisho ni kilo elfu mbili, trela pamoja na vilivyomo. Trela tupu ilikuwa mia tisa na hamsini. Dume alitoa mia tano na thelathini. Jike alikuwa amefunikwa blanketi zito la safari, na Mama Kilo alilifunua mbele tu, apate kifua. Mia nne na sabini. Nyasi na kamba, kumi. Maji hakubeba kabisa. Zilibaki kilo arobaini, akaridhika. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye maneno ya asali, akajipakia kiti cha mbele, wakaondoka.

Mteremko mdogo ndio uliomwambia ukweli. Hata kabla ya nusu yake alihisi gari linasukumwa kutoka nyuma, kama mtu anayekuharakisha kwenye foleni. Alitazama kioo cha pembeni, akaona trela imeenda kushoto kidogo, ikarudi, ikaenda kulia. Hakukanyaga breki kwa nguvu, maana hilo ndilo kosa la mwisho ambalo wengi hufanya. Aliachia mafuta, akashusha gia, akashika usukani bila kushindana nao, huku akihesabu kwa sauti ndogo mpaka mkia wa trela ukatulia. Msimamizi alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Alipopata pumzi alisema ajali haina kinga. Mama Kilo alimjibu kwamba nyingi zinayo, imepigiliwa ubavuni mwa trela.

Walipofika tambarare alirudia hesabu yake kichwani. Dume alikuwa sawa. Nyasi zilikuwa sawa. Akabaki na jike, na lile blanketi.

"Yule jike ana nini?" aliuliza.

Msimamizi alisema amenenepa kwa kukaa bure. Mama Kilo aliondoa mguu kwenye mafuta. Alipunguza mwendo mpaka malori nyuma yakaanza kupiga honi, na akaendelea kupunguza.

"Ana mimba," msimamizi alisema hatimaye. "Mwezi wa kumi. Ningekwambia ungetaka safari mbili, mama, na mnunuzi hangetusubiri."

Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja. Mama Kilo alishikwa na hasira, na haikuwa kwa msimamizi peke yake. Tepu hupima kifua, na mtoto hakai kifuani. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote barabara nzima, na bado alikubali kufunua blanketi mbele tu, kwa sababu tepu haikuwahi kumdanganya na yeye akaizoea kama mume mwema. Alijiona mpumbavu.

Mizani ilikuwa mbele yao, umbali wa kona moja. Sheria aliijua kwa moyo, maana aliwahi kuwasomea wengine. Kosa moja la uzito hufungia kibali cha kusafirisha wanyama kwa miezi sita, kuanzia siku inayofuata. Miezi sita bila kazi, katika umri wake, wateja wangekuwa wameshapata dereva mwingine asiye na tepu. Na jina lake, lile walilolicheka, ndilo lililokuwa mali yake yote.

Karani wa mizani alikuwa mwenzake wa zamani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipoiona pikapu hakuinuka hata kitini. Mama Kilo apimwe ya nini? Alitoa mkono dirishani, akampungia apite.

Msimamizi alishusha pumzi ndefu. "Mungu mkubwa," alisema. "Twende, mama. Kitoto cha tumboni kina kilo ngapi?"

Barabara ilikuwa wazi, na mbele yake mteremko mkubwa. Pengine msimamizi alikuwa na haki. Pengine wangeshuka polepole na kufika salama, kama wengi wanavyofika. Lakini Mama Kilo alikuwa anautazama mkono ule dirishani. Dirisha lilikuwa lile lile. Hata yeye siku ile alipunga mkono vivyo hivyo, kiganja nje, bila kuacha chai yake. Alikata kona akapanda juu ya mizani.

Waliifungua trela kutoka kwenye gari, ikapimwa peke yake. Ilisoma elfu mbili na arobaini na tano.

Msimamizi alisema kama ni hivyo basi yeye atashuka atembee, maana mwili wake peke yake ni zaidi ya hizo kilo arobaini na tano zilizozidi.

"Wewe umekaa kwenye gari," Mama Kilo alimwambia. "Trela haikujui."

Karani alisoma namba mara mbili, akavua miwani, akaifuta. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mitambo hii nayo huzeeka, kwamba yeye hajaona kitu, na aende zake taratibu.

"Niandike," alisema Mama Kilo.

"Dada, unajua nikikuandika inakuwaje."

"Niliifanya kazi hiyo miaka minane. Niandike."

Karani alifungua daftari kubwa, akakaa na kalamu bila kuandika. "Jina la nyumba yenu halijawahi kuingia humu," alisema.

"Lingeingia siku ile," alisema, "mdogo wangu angekuwa na miaka arobaini sasa."

Karani aliandika. Mama Kilo aliweka sahihi, akashusha mlango wa nyuma, akamtoa jike polepole, akamfunga kivulini. Kamba alimpa msimamizi na kumwambia asimwache mpaka arudi, maana kibali chake kilikuwa bado hai mpaka usiku, na safari mbili alizokwepa wangezifanya. Msimamizi hakubisha. Alikuwa ameanza kumpapasa jike shingoni, kama anayemwomba radhi yeye kwanza.

Mteremko mkubwa alishuka na dume peke yake. Trela ilimfuata imenyooka. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiipita kona ya tatu macho mbele, hatazami bondeni. Leo alipunguza mwendo, akateremsha kioo, akatazama.

"Nimeandikwa, mdogo wangu," alisema.

Kisha akashusha gia, kwa sababu jike alikuwa anamsubiri kule juu.