Picha Nane za Vidudu vya Kunuka

Mama ameuliza tena leo asubuhi picha itakuja lini. Nimemjibu, "Bientôt, mama, karibuni," nikatoka kwenda masomo uso ukiniwaka. Humu kwenye daftari angalau sidanganyi.

Padri anayetufundisha habari za wanyama na mimea aliniazima mashine yake ya picha, sanduku jeusi lenye filmu ya picha nane. Alitaka vidudu vya kunuka, vile vya kijani vyenye mgongo kama ngao, vinavyofyonza maharagwe ya mama nyuma ya nyumba. Nilisema "Oui, mon Père" bila kuuliza mashine inatumikaje. Kuuliza mbele ya darasa siwezi.

Siku hizo nkambo, mama yake mama, alikuwa ametoka Mitwaba kututembelea. Kila asubuhi aliviokota vidudu kwa mkono na kuvitupa katika kopo la maji ya moto, na vidole vyake vilinuka mpaka saa ya kula. Nikamwomba aniachie jani moja lenye mayai. Kwetu nkambo humwita mjukuu wake wa kiume bwana, yaani mume wake, na utani wake hauna mwisho.

"Mukuye muone!" aliwaitia majirani. "Bwana yangu anaacha bibi muzuri, anapiga foto ya tududu twa kunuka!"

"Pengine arufu iko moja, mama!" jirani akajibu, na nkambo mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini lile jani hakuligusa.

Papa aliniambia, "Bakisha foto moja ya nkambo. Unasikia?" Nilisikia. Babu alipokufa hakuacha picha hata moja, na mama husema sauti yake anaikumbuka, ila pua yake imeshampotea. Papa alileta fremu ya kioo, akapigilia msumari ukutani juu ya meza.

Mpaka Ijumaa nilikuwa nimepiga saba. Jumamosi asubuhi mayai yakapasuka. Vitoto, vidogo kuliko punje ya mtama, vilikuwa vimezunguka maganda yao kama watu wanaoota moto. Niliogopa vitatawanyika. Nkambo alikuwa na majuma mawili mengine kwetu, na nikajiambia padri atanipa filmu nyingine. Nikapiga ya nane.

Jumapili, tulipotoka misa, dereva wa lori la Mitwaba akasimama mlangoni. Mvua inaharibu barabara, akasema, anaondoka saa hiyo hiyo, na hajui atapita tena lini.

Nkambo alisugua mikono kwa majivu na ndimu. "Foto isinuke," alisema. Akavaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti nje, miguu pamoja. Mama akasimama nyuma yake, mkono begani. Majirani wakajipanga kutazama.

"Bwana yangu, niko muzuri?"

Nilimtazama kwenye kioo kidogo kilicho juu ya mashine. Alikuwemo mzima, mdogo kama kidole, hacheki tena. Nikageuza mashine nyuma, penye kidirisha chekundu kinachoonyesha namba ya picha. Hakuna namba. Nilifungua mdomo.

"Piga basi, mutoto, njia inatungoja!" dereva akapaza sauti.

Nikabonyeza. Mashine ikalia kama siku zote, filmu iwemo, isiwemo. Watu wakapiga makofi, nkambo akapanda lori.

Juma lililofuata padri alinirudishia picha zangu. Madoa manane ya kijivu. Hakuna kidudu, hakuna jani. "Ulikaribia mno," alisema. "Mashine hii inataka hatua tatu." Nami nilikuwa nimeisogeza mpaka ikagusa majani. Nikasema merci, nikazificha kati ya kurasa za kitabu cha hesabu.

Jana jioni dereva alipita kutusalimu. Mama alimpa kiti na maji.

"Nkambo yenu anauliza foto," alisema. "Anataka kujua kama alitokea muzuri."

Wote wawili wakanigeukia. Nilijua maneno ya kweli ya kusema. Yalikuwa machache tu.

"Alitokea muzuri," nikasema.

Mama akatabasamu, akachukua kitambaa, akapangusa kioo cha fremu.