Nilimrushia Ndege Udongo

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu huko Sumbawanga, na huu ni mwaka wa tatu hajafika Kibiti. Likizo inakuja, likizo inapita. Mara mitihani, mara mtoto anaumwa. Simlaumu. Alipokuja mara ya mwisho aliniwekea kwenye simu mchezo wa kukamata wanyama wa ajabu, akanifundisha kuwakamata na kuwakuza, kisha akasema, "Baba, nikipata bosi nitakuita. Tutapigana naye pamoja hata nikiwa kule."

Bosi ni mnyama mkubwa anayetokea kwa siku chache tu, na mtu mmoja hamwezi. Kila mchezaji huchagua wanyama wake sita, na ujuzi wote uko kwenye kuchagua: moto huunguza majani, majani hunywa maji, maji huzima moto. Mwanzoni niliona haya. Nimesomesha Kurani watoto wa mtaa huu miaka mingi, halafu nionekane barazani nikigusagusa wanyama wa rangi! Lakini kuunga udugu tumeamrishwa, na huyu ndugu yangu wa damu alikuwa akipatikana humo. Basi kila Jumapili, nikishasali alasiri, nilikaa na simu nikimngoja aniite.

Bosi wa wiki ile alikuwa ndege mwenye mabawa ya kijivu. Binti yangu alimtaka sana. Alikwisha kumkosa mara mbili. Shuleni kwake wapo walimu vijana wenye wanyama wenye nguvu kuliko wangu, lakini aliniita mimi. Hapo ndipo palikuwa na hofu yangu. Nikimwangusha, nilijua, safari nyingine atawaita wao.

"Shikamoo, baba. Umeshachagua?"

"Marahaba, mama. Zamani sana."

Nilikuwa nimepanga wanyama wa udongo watupu, sita wote, wala sikufikiri mara mbili. Mtu aliyelima mpunga bonde la Rufiji atafundishwa nini kuhusu ndege? Msimu hata msimu tulihamia shambani, tukakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Binti yangu, wakati huo mtoto mdogo, akifinyanga vidonge vya tope, mimi nikivirusha kwa kombeo, na kundi zima la kweleakwelea likainuka kama mkeka uliokung'utwa.

Nikapiga bismillahi, tukaingia. Wanyama wangu wakarusha udongo kwa bidii, na yule ndege hata hakutikisika. Mmoja baada ya mwingine wakalala chali. Muda ukaisha, tukashindwa.

Nikasikia kicheko kwenye simu.

"Baba! Ndege umempelekea udongo?"

"Sasa ndege anapigwa na nini?"

"Na jiwe. Au radi. Udongo haumfikii aliye juu."

"Mbona sisi tuliwapiga kwa tope?"

"Hatukuwapiga, baba, tuliwafukuza tu. Na kila siku walirudi, umesahau? Haya, mzee wa tope, nisomee wanyama wako wote tuone una nini."

Nikamsomea. Huyu afaa, huyu mwache, huyu mpe nguvu kidogo, huyu ulimtoa wapi na sura hii? Tukaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi. Tangu aondoke hatukuwahi kuzungumza muda mrefu namna ile.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya yule ndege. Alasiri, nikisubiri aniite, nafsi ikaninong'oneza: weka tena udongo, mshindwe tena, akae tena kuzungumza nawe. Nilikawia na wazo hilo kuliko ilivyonipasa. Kisha nikasema astaghfirullah. Khiyana ni khiyana hata mchezoni. Nikaweka wanne wa mawe na wawili wa radi.

Tukamshinda upesi, naye akamkamata.

"Baba, tumempata! Asante sana, baba. Ngoja nikasahihishe madaftari."

Simu ikakatika. Chai niliyokuwa nimemimina kabla hatujaanza ilikuwa bado inatoa moshi. Nikasema alhamdulillahi, na niliikusudia kweli, kwa maana furaha yake niliisikia. Lakini simu sikuiweka chini.

Siku zote nilingoja bosi atokee ndipo niitwe, kama mtu asiyekwenda harusini bila kualikwa. Nilimwona ana kazi nyingi na mtoto mdogo, nikaogopa kumsumbua. Siku ile nilimpigia mimi.

"Baba? Katokea bosi mwingine?"

"Hakuna. Nimekupigia tu."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Nikadhani ameyarudia madaftari yake.

"Nimekukumbuka, mama," nikasema.

"Leo umekula nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nikamwambia ni ugali na kisamvu, na kwamba jirani ametoka Kiongoroni, kule pwani, akaniletea kamba wabichi. Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kule Sumbawanga, naye akikaa.

"Kamba wakubwa?" akasema. "Haya, nieleze utawapikaje."