Injini ya Lindsay Purtell

Lindsay Purtell wa Lithgow aliendesha lori la makaa ya mawe maisha yake yote, isipokuwa siku ile moja aliyokimbiza gari mlimani Bathurst. Mashindano yalikuwa ya magari ya dukani: gari ulilonunua ndilo unaloshindania, na jioni unarudi nalo nyumbani. Lindsay na mwenzake wa usukani, Athol Brennock, walimaliza wa tatu, wakaziacha nyuma timu zenye mafundi wa kukodi. Hakuwa na jingine la kujivunia, na hilo lilimtosha.

Kilichomnyima raha ni mdomo wa Athol. Kila klabu ya magari ya zamani ilipokutana, watu wakishashika mkate na soseji, Athol alianza: injini ile haikuwa ya dukani, ilitoka kiwandani kwa siri, imeundwa kwa ajili ya mbio. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakumjua Athol. Yake ilikwenda zaidi ya miaka arobaini. Klabu ikagawanyika pande mbili, watu wakabishana mpaka soseji zikaungua.

"Unaniibia, Athol," Lindsay alimwambia siku moja. "Kama injini ndiyo iliyokimbia, mimi mle ndani nilikuwa nani? Abiria?"

"Acha kununa, mzee. Nani kakwambia watu wanakuja kukutazama wewe?"

Maneno hayo yalimchoma. Gari lilikuwa bado lake, na mwaka ule klabu ilikuwa imelichagua liongoze msafara wa ukumbusho wa mbio zile kule Bathurst. Akasema halitoki mpaka injini ifunguliwe mbele ya wote. Gavan, mwenyekiti wa klabu, akamsihi.

"Mzee Lindsay, si uliache tu hivyo hivyo? Ubishi nao una utamu wake."

"Utamu wako, si wangu. Leta spana."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Walifungua Jumamosi, bandani kwa Gavan. Wakapima pistoni, wakapima vali, wakasoma alama zilizogongwa kwenye chuma. Kila kitu kilikuwa cha kawaida, sawa na gari la mwalimu au la muuza nyama. Lindsay akageuka, kifua mbele, akingoja kupewa mkono. Hata wale waliomtetea miaka yote walifuta grisi vidoleni, wakaenda kutia chai. Hawakuwa na la kubishania tena.

"Haya, umefurahi?" Athol akamuuliza, na safari hii hakuwa na kejeli. "Uongo ule ulikuwa unatulisha wote wawili, bwana."

Msafara ukaongozwa na gari jingine, ambalo injini yake bado ilikuwa na maneno. La Lindsay likaegeshwa nyuma, karibu na vyoo, boneti wazi. Watu waliuliza lilikuwa na nini cha pekee. Akawajibu kwamba ni la dukani tu, na aliliendesha yeye. Wakasema vizuri, mzee, vizuri, wakapita. Aliwachukia mmoja mmoja, na zaidi yao wote alijichukia mwenyewe.

Mchana akaja bwana mmoja na mkewe.

"Mzee, nasikia mengine yalitiwa kwa siri injini za mbio. Na hili je?"

Lindsay aliweka mkono juu ya injini.

"Hili ndilo lenyewe," akasema. "Bila injini ile tusingefika popote."

Bwana yule akafurahi sana, akamwambia mkewe atoe kamera. Kisha wakamwomba Lindsay asogee kando kidogo, injini ionekane.