Kicheko cha Mama Mbele ya Fundi

Mwezi uliopita nilikwenda Ifakara kumwona mama, na kwa kuwa kulikuwa na harusi ya ndugu, nikabeba kitenge changu nikampelekea fundi cherehani. Kijana tu, ana cherehani ya umeme na kioo kirefu kama cha saluni. Akanipima, akaandika vipimo kwenye simu, akaniambia mshono ni elfu thelathini na tano. Nikacheka. Sikukusudia, rafiki yangu. Kilitoka chenyewe, kicheko kirefu cha dharau kinachoanzia puani, na nilipokisikia nikaona haya, maana hakikuwa changu. Kilikuwa cha mama.

Kama hukukulia kwetu miaka ile ya tisini, huenda hukijui kicheko hicho. Mama zetu walibishana bei na wauza perege na wauza nazi. Lakini na fundi hawakubishana. Fundi akitaja bei, mama anacheka, anamgeukia jirani aliyekuja naye, jirani naye anacheka, na siku ya kuchukua nguo mama anaweka juu ya cherehani kile alichoona kinafaa. Mazungumzo yameisha. Njiani kurudi walisimuliana jinsi walivyomkomesha, kama watu waliotoka vitani.

"Kitambaa changu, mwili wangu," mama alikuwa akisema. "Yeye kazi yake kukanyaga tu."

Kukanyaga tu. Hayo aliyasema mwanamke aliyelima mpunga kwa jembe la mkono, na aliyemtukana wiki nzima mchuuzi mmoja aliyemwambia kuwa mpunga wa bondeni huota wenyewe. Jasho lake lilikuwa jasho. La mwenzake lilikuwa maji.

Wala usidhani nataka kumsafisha fundi wetu wa miaka ile. Alikaa barazani mwa duka la vitambaa, jirani na mashine ya kukoboa mpunga, pumba zikimwangukia kichwani mchana kutwa, na nguo zetu zilirudi nyumbani zikinuka pumba na mafuta ya cherehani. Alikuwa mwongo wa kutupwa. Akisema kesho, ujue ni wiki mbili. Siku moja alimwambia mama kwamba gauni liko tayari ila mwenye duka amefunga na kuondoka na ufunguo, na mlango wa duka ulikuwa wazi nyuma ya mgongo wake. Tepu yake ya kupimia ilikuwa imefutika namba. Nadhani aliivaa shingoni kwa ajili ya heshima tu.

Mwaka niliopata Komunyo ya Kwanza tulikuwa wasichana kumi mtaani kwetu: sisi tisa tulioshonewa na fundi huyo, na wa kumi binti yake, ambaye nilisoma naye darasa moja. Mama aliuza debe mbili za mpunga akanunua satini nyeupe yenye maua madogo yaliyofumwa humohumo. Fundi alikuwa amemwagiza alete mita mbili na nusu. Akataja elfu moja ya mshono. Mama akacheka, jirani akacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukijua kicheko hicho. Siku ya kuchukua gauni mama aliweka mia nne. Fundi aliziangalia, akaziweka chini ya kopo la vifungo, akaendelea kukanyaga.

Gauni lilinibana kwapani. Mama akasema nimenenepa kwa ubwabwa.

Jumapili yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikwenda kanisani tumefunga magauni kiunoni, viatu mkononi, na mlangoni kulikuwa na ndoo za kunawia miguu. Tulipopangwa mistari ndipo nikamwona binti wa fundi. Gauni lake lilikuwa zuri kuliko yetu sote. Sketi yake ilikuwa na vipande vyembamba vilivyoshuka kutoka kiunoni hadi chini, kipande kwa kipande, na kila alipopiga hatua vilifunguka na kufunga. Kwa mbali lilikuwa jeupe tu. Kwa karibu uliona kwamba ulikuwa weupe wa aina tisa: mmoja kama maziwa, mmoja wa kibuluu, mmoja wenye mistari, na mmoja wenye maua madogo yaliyofumwa humohumo.

Misa nzima mama zetu hawakuwatazama watoto wao. Walikuwa wakihesabu vipande. Lingekuwa gauni baya, nina hakika wangelisamehe. Wangecheka, yakaisha.

Nje ya kanisa mama ndiye aliyeanza. "Fundi, hicho kitambaa cha nani?"

"Ni chenu, mama," fundi akajibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kipimo. "Nilitaja elfu moja, mkacheka. Mkanipa mia nne. Iliyobaki nikaichukua kwenye kitambaa."

"Hukutuambia."

"Na nyie hamkuniuliza kama mia nne inatosha."

Simung'unyi maneno: alichofanya ni wizi. Angeweza kukataa kazi, angeweza kuzuia nguo zetu mpaka alipwe, angeweza walau kuomba vipande. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na kila ninapojaribu kumdharau yeye kwanza, dharau inakataa kukaa hapo.

Kwa sababu Jumatatu walikwenda barazani kwake, wanawake tisa, kudai vyao. Mama alinichukua. Hapana, niseme ukweli: niliomba kwenda. Fundi hakubisha. Alilitoa gauni kwenye mfuko, akachukua wembe, akaanza kulifumua, mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kuharibu uzi. Kila kipande alikipiga pasi ya mkaa, akakikunja na kumpa mwenyewe. Hakukosea hata mmoja. Binti yake alikuwa amekaa kwenye gunia pembeni akishona vifungo vya shati la mtu, naye hakuinua kichwa hata mara moja. Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma, na ilipozimwa tulisikia wembe ukikata nyuzi. Hakuna aliyesema basi, inatosha. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilifurahi.

Kipande chetu kilikuwa na upana wa kiganja. Baada ya kelele zote hizo mama alikitazama, akakigeuza, akakosa cha kukifanyia. Akanipa niwe ninafutia kioo cha chemli.

Mpiga picha alikuja Jumapili iliyofuata, kama ilivyokuwa kawaida, na tukavaa tena magauni ili tupigwe pamoja na padre na katekista. Picha ipo mpaka leo ukutani kwa mama. Tumo wasichana tisa, mimi nimeinua mabega kwa kubanwa. Baada ya mavuno fundi alifunga cherehani yake nyuma ya baiskeli, akahama na familia yake. Wengine walisema yuko Mchombe, wengine Mlimba. Mama zetu walilalamika miaka miwili kwamba Ifakara haina fundi mzuri. Kila jioni, kabla ya kuwasha taa, nilifuta masizi kwa satini ile mpaka maua yake yakapotea.

Sasa ninywe nilichokikoroga. Yule kijana wa cherehani ya umeme hakucheka nilipocheka. "Bei ndiyo hiyo, mama," alisema. Nikalipa yote, papo hapo, na nikakiri moyoni kwamba mama angenizomea. Nguo ilikuwa tayari siku aliyoitaja, ikanikaa vizuri, na ndani ya mfuko aliniwekea vipande vyangu vyote, vimekunjwa na kupigwa pasi.

Nikavitoa nikaviweka juu ya meza yake. Nikamwambia avichukue, huenda ana mtoto wa kike.

Akavitazama, akamgeukia mwenzake aliyekuwa akipiga pasi, na wote wawili wakacheka. "Hapana, mama," akasema. "Siku hizi hatuchukui vya watu."

Nikavirudisha kwenye mfuko, nikaondoka navyo. Nyumbani kwa mama kuna umeme, na chemli ilikwisha kutupwa zamani.