Bwana Chini

Watu wa bonde letu la makaa ya mawe, huku Pennsylvania, hawakumsamehe ndugu yangu Emlyn Probert mpaka siku ya kumzika. Mimi dada yake sijawasamehe bado.

Emlyn aliingia chuoni kwa nguvu za mabega. Mpira wa Kimarekani wa siku zile ulibebwa kifuani, na kofia ya kukinga kichwa haikuwepo. Wachezaji walifuga nywele kiangazi kizima ili ziwe mto wa kichwa. Baba, mchimba makaa, alimtania, "Bibi harusi, njoo nikusuke!"

Sheria ilikuwa hivi: mwenye mpira akikamatwa, mchezo hausimami mpaka yeye mwenyewe apaaze sauti, "Chini!" Emlyn hakulisema neno hilo hata mara moja. Alikokota watu mgongoni, meno ameyauma, na uwanja mzima ukiimba, "Hasemi! Hasemi!" Muuza nyama wetu, Bwana Gethin, ndiye aliyeongoza wimbo.

Mwaka wake wa mwisho tulicheza na chuo cha ng'ambo ya mlima, hasimu wetu mkubwa. Tulikuwa nyuma na muda unakwisha. Emlyn akafika karibu kabisa na mstari wao wa goli, akaangushwa, rundo zima likawa juu yake. Chini yake alikuwa Anton Hruska, kijana wa Kislovakia wa timu yao, shingo imepinda. Emlyn akasikia pumzi ya mwenzake inakatika.

"Sukuma! Bado kidogo!" walipiga kelele wenzetu, wakimsukuma kwa nyuma.

"Chini!" alisema Emlyn. "Chini! Ondokeni, mtu anakufa!"

Tukafungwa. Hruska alipona, ila shingo ilibaki upande. Nani alijali? Kesho yake Gethin alimpokea Emlyn dukani: "Karibu, Bwana Chini!" Jina likaganda.

"Kaka, tuhame," nilimwambia nikilia.

"Tuhamie wapi, Olwen? Mdomo ni wao, waache waseme. Mimi nabaki."

Akabaki. Mchana alichimba makaa, jioni alifundisha vijana mpira kwenye uwanja wenye vumbi jeusi. Somo la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka.

"Sema chini."

"Chini."

"Umekula kweli wewe? Sikusikii!"

"CHINI!"

Gethin mwenyewe, shingo upande, alimletea mwanawe. "Usije ukamfundisha kushindwa, Bwana Chini."

"Namfundisha kurudi nyumbani kwa miguu yake."

Miaka ile vijana wa mabonde mengine walirudishwa kwa mama zao kutoka uwanjani ndani ya majeneza. Wa Emlyn, hakuna hata mmoja. Sheria ilipobadilika na kazi ya kusimamisha mchezo ikawa ya mwamuzi, yeye aliendelea kuwafundisha neno lake.

Vumbi la makaa lilimmaliza kifua. Vijana wake, sasa wanaume wenye ndevu, ndio waliobeba jeneza. Walilishikilia juu ya kaburi kwa kamba, na hakuna aliyekubali kulegeza wa kwanza. Mchungaji alikohoa, akangoja.

Hapo Hruska akajipenyeza mbele, shingo yake ile ile upande.

"Chini," alisema.

"CHINI!" waliitikia wote kwa mazoea, na kamba zikalegea.

Mzee Gethin alivua kofia. Mwanawe alikuwa ameshika kamba ya kichwani, mzima wa viungo vyote. Nilimkazia macho yule mzee mpaka naye akalisema.