Mikono Miwili Kwenye Jiwe

Leo sokoni Bariadi nimepita penye kamba za katani, na harufu yake imenirudisha kwenye lile jiwe la mviringo, kubwa kuliko nyumba yetu.

Nilikuwa mtoto, na mvua ilikuwa imekataa. Tulibakiwa na ng'ombe mmoja, na mama alimkokota kwa kamba hadi nyuma ya jiwe, ambako maji yalikuwa yakichuruzika kidogo. Mimi aliniacha mbele, mbali. Aliniambia mkono wa kushoto niuelekeze kwenye ukingo mmoja wa jiwe, wa kulia kwenye ukingo wa pili.

"Ng'ombe akikata kamba, lazima atokee kwenye mkono mmojawapo. Ukimwona, piga kelele."

Nilipojaribu kusogea karibu, mikono ilipanuka na jiwe likanifichia mengi zaidi, nikarudi nyuma. Mabega yaliwaka moto. Nilimsikia mama akimbembeleza ng'ombe ainuke, kisha akimsihi, kisha kimya.

Mama alitokea upande wa kulia, peke yake, kamba ameizungushia mkononi.

"Mayu, mama yangu, ng'ombe yuko wapi?"

"Shusha mikono, mwanangu. Twende nyumbani."

Nilishusha wa kulia. Wa kushoto niliuacha juu, nikitembea kinyumenyume, labda atatokea upande ule.